Mmepitia Nini Pamoja?

Kila ninapoitwa kukaa na watu wanaotaka kuanzisha huduma mpya, karatasi ya kwanza kuwekwa mezani huwa ratiba ya siku ya uzinduzi. Mhubiri mgeni ameshapatikana. Kwaya imeshaalikwa. Fundi mitambo ameshaulizwa habari za vipaza sauti, nembo imechorwa, na jina la huduma limepatikana baada ya mabishano marefu. Yote hayo yana nafasi yake wala siyadharau. Nimebeba viti na vyombo vya muziki kwa miaka mingi, na ninajua jinsi ibada isiyopangwa inavyowachosha watu. Lakini kabla hatujaigusa ratiba hiyo huwa nauliza swali moja: ninyi mlioko hapa, mmepitia nini pamoja hadi sasa?

Mara nyingi watu hutazamana. Wamekutana kwenye vikao. Wamo kwenye kundi moja la simu. Wanajuana majina na vipawa: huyu anapiga kinanda, yule ana neema ya kuhubiri, dada aliyekaa mwisho ni mhasibu. Ila hawajawahi kufunga pamoja kwa ajili ya jambo moja. Hawajawahi kumhudumia mtu mmoja kwa mikono yao wote. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akilia. Na siku si nyingi watasimama mbele za watu kuwakaribisha kwenye ushirika ambao wao wenyewe hawajauonja.

Ninaamini, na kadiri miaka inavyokwenda ninaamini zaidi, kwamba huduma huzaliwa pale watu wachache wanapobeba mzigo mzito pamoja mbele za Mungu. Uzinduzi ni siku ya kuwaonyesha jirani mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Katika Marko 3:14 kuna maneno ambayo wengi huyaruka wakikimbilia orodha ya majina ya mitume. Yesu aliweka watu kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri." Kukaa naye kumetangulia kutumwa. Watu hao walilala naye njiani, walivuka naye bahari iliyochafuka, walimwona amechoka, walimwona amekasirika, walimwona akilia kwa ajili ya Lazaro. Ndiyo maana siku ya Pentekoste Petro hakusimama peke yake. Luka anaandika kwamba alisimama pamoja na wale kumi na mmoja. Na kabla ya siku hiyo watu wapata 120 walikuwa wamekusanyika, wakidumu katika kuomba, wanawake wakiwemo, na Mariamu mama yake Yesu, na ndugu zake.

Sisi hupenda kuwahesabu wale 3,000 waliobatizwa. Mimi hupenda kukaa na hawa 120, kwa sababu mkusanyiko ule ulikuwa na watu wenye mambo. Petro aliyemkana Bwana wake alikuwemo. Ndugu za Yesu, ambao Yohana anasema hapo awali hawakumwamini, walikuwemo. Hata pengo la Yuda lilikuwepo, na Petro alilitaja waziwazi mbele ya wote kabla hawajampigia kura Mathiya. Kanisa lilianzishwa na watu waliokuwa wamepita pamoja katika aibu, msiba, furaha ya ufufuo, na siku za kungoja wasijue zitaisha lini. Hakuna kikao cha kamati kinachoweza kumpa mtu kitu hicho.

Sasa mtu ataniuliza: kama ni hivyo, tuyapate wapi mambo hayo ya kupitia pamoja? Hatuwezi kujitakia dhoruba. Kweli hatuwezi. Jibu langu huwa ni kazi. Anzeni na kazi ndogo inayomgusa mtu mmoja mwenye jina na anwani, kabla huduma yenyewe haijapata jina.

Mfano ambao sichoki kuusimulia ni wa Wamethodisti wa kwanza mjini Bristol, Uingereza. Nyumba yao ya mikutano, waliyoanza kuijenga mwaka 1739, ilikuwa na deni. Mwezi wa Februari 1742 John Wesley, kiongozi wao, akaketi na wenzake kutafuta namna ya kulilipa. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akapendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa juma. Mwingine akapinga: wengi ni maskini, hawataweza. Foy akasema apewe yeye watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawapitia kila juma. Mwenye kitu atatoa, asiye na kitu atamtolea yeye. Akawaomba wenzake nao wafanye vivyo hivyo kwa majirani zao. Wakakubaliana.

Basi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakikusanya peni. Baada ya muda baadhi yao wakamrudia Wesley na habari ambazo mikutano mikubwa haikuwahi kumfunulia: fulani haishi kama anavyokiri. Wesley akatambua kwamba jambo alilokuwa akilitafuta siku nyingi limekuja lenyewe, kwa mlango wa deni la jengo. Baadaye, kwa kuwa kumfikia kila mtu nyumbani kulikuwa kazi ngumu, wakaanza kukutana mara moja kwa juma, kiongozi na watu wake, kikundi cha watu wapata kumi na wawili. Vikundi hivyo vikawa uti wa mgongo wa Umethodisti.

Nimelitafakari sana jambo hili. Wale watu hawakukaa chini kubuni "programu ya ushirika". Walikuwa na deni. Kilicholigeuza deni kuwa ushirika ni kwamba mtu alilazimika kufika mlangoni kwa watu walewale, juma baada ya juma, akiwa tayari kuwatolea wasio na kitu. Ziara moja ya kishindo, ile yenye picha nyingi na hotuba, haiwezi kufanya hivyo. Mkifika mara moja mtaonyeshwa sebule. Mkifika kila juma, siku moja mtamkuta mtu katika hali yake halisi, hajapata hata nafasi ya kujifuta machozi.

Kundi moja nililotembea nalo lilitaka kuanzisha huduma kwa wajane. Walikuwa na maono mazuri, yameandikwa na kupangwa vizuri, na mpango wa semina za kutia moyo kwa mwaka mzima. Nikawasihi waziweke semina pembeni kwanza. Wakagawana wawili wawili, kila wawili wakamwendea mjane mmoja, yuleyule, kila juma, kwa miezi kadhaa. Sharti lilikuwa moja tu: usiende kufundisha. Osha vyombo, msomee barua, keti umsikilize. Akitaka kuombewa, mwombee. Asipotaka, rudi juma lijalo.

Waliporudi kuketi pamoja, yule aliyekuwa mkimya kuliko wote vikaoni ndiye aliyezungumza kwanza. Mama aliyekuwa akimtembelea alikuwa na kesi ya mirathi, na hakuelewa hata karatasi moja kati ya zile alizokuwa akipewa atie sahihi. Mwingine akasema wa kwake hana shida ya fedha kabisa; ana upweke, kwa maana tangu mazishi watu wanaogopa kulitaja jina la mumewe mbele yake, naye anatamani mno kulisikia. Semina zile hazikufutwa zote, ila zilibadilika sana, na kikaongezwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiwaza: watu wa kumsindikiza mjane ofisini na mahakamani. Lakini kilichonigusa zaidi ni wao wenyewe. Walikuwa wanaongea kama watu wa nyumba moja. Walikatizana, wakakumbushana, wakanyamaza pamoja pale palipostahili.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Yule mjane hakuumbwa ili timu yetu ipate kuungana. Tukimwendea kwa nia hiyo tumemtumia, na yeye atahisi. Tunamwendea kwa sababu Bwana anampenda na ana haja halisi. Mshikamano wetu ni zawadi tunayookota njiani. Kwa sababu hiyo nakataa kabisa picha katika ziara hizi. Anayetembelewa ana haki ya kupokea wageni bila kuwa tangazo la uzinduzi wa mtu.

Kazi ya pamoja ina faida nyingine: inashusha vyeo. Mwaka 1935 Dietrich Bonhoeffer, mchungaji na mwanatheolojia Mjerumani, alianza kuongoza chuo cha kuwaandaa wachungaji wa Kanisa la Kukiri, yaani Waprotestanti waliokataa Wanazi kulitawala kanisa, huko Ujerumani, kwanza Zingst, kisha Finkenwalde, chuo ambacho polisi wa siri wa Wanazi walikifunga mwaka 1937. Inasimuliwa kwamba siku moja jikoni waliomba mtu wa kusaidia kuosha vyombo, na wanafunzi hakuna aliyeinuka. Bonhoeffer akaondoka kimya, akaenda kuosha yeye, na wanafunzi walipomfuata mbio akawa amefunga mlango kwa ndani. Chuoni hapo palikuwa pia na kanuni ya kutomsema ndugu asipokuwapo. Kila kundi la waanzilishi ningelishauri liichukue kanuni hiyo hata kabla ya kuandika katiba, kwa sababu huduma nyingi changa naziona zikifa kwa manong'ono kuliko kwa uhaba wa fedha.

Manong'ono yananipeleka Herrnhut, kijiji cha Ujerumani. Kuanzia mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi kwenye shamba la kabaila Zinzendorf huko Saksonia. Kijiji kikakua, wakaja watu wa mapokeo mbalimbali, na kufikia 1727 kilikuwa kimejaa magomvi. Wale waliokimbia mateso pamoja hawakuweza kuabudu pamoja. Zinzendorf akaanza kuwaendea majumbani, akiwasikiliza na kuomba nao. Mwezi Mei wakatia sahihi makubaliano ya namna ya kuishi kama ndugu. Wakaendelea kukutana, kusoma, kuombana radhi. Tarehe 13 Agosti 1727, katika Meza ya Bwana kwenye kanisa la Berthelsdorf jirani na hapo, walipata kujiliwa na Mungu kwa namna ambayo waliihesabu tangu hapo kuwa siku ya kuzaliwa upya kwa kanisa lao. Mwisho wa mwezi huohuo wanaume 24 na wanawake 24 wakaagana kuomba kwa zamu saa kwa saa, usiku na mchana, na mnyororo huo wa maombi ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 wamisionari wao wa kwanza wakaondoka kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha Mtakatifu Thomas katika Karibi.

Wahubiri wengi husimulia Agosti 13 na kuacha miezi iliyotangulia. Kwangu mimi miezi ile ndiyo yenye mafundisho. Mtu mmoja alibisha hodi kwenye nyumba za watu waliokasirika. Watu waliandika wakakubaliana kwa wino. Walisameheana kabla hawajamiminiwa. Hatuwezi kuipanga Agosti 13 kwenye ratiba, lakini kubisha hodi tunaweza, hata kesho.

Uamsho wa Afrika Mashariki nao ulikuwa na mwanzo wa namna hiyo. Mwaka 1929 Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, alikuwa Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo. Akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ileile. Wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, mweupe na mweusi, katika enzi ambayo watu wa namna hiyo hawakuzoea kufunuliana mioyo. Moto ulioenea miaka ya 1930 na kuendelea ulibeba alama ya mwanzo huo: vikundi vya watu wanaotubu mbele ya wenzao na kutembea nuruni.

Nikitaja mambo haya baadhi ya timu hushangilia na kusema, basi tufanye usiku wa toba siku ya uzinduzi. Hapo huwa nawazuia. Kutubu mbele ya wenzako ni tunda la kuaminiana. Ukilichuma kwa nguvu linaumiza. Nimeona mikutano ambapo taa zilipunguzwa, kinanda kikavutwa polepole, kiongozi akarudia maneno yaleyale hadi watu wakaanza kulia, na vijana wakasukumwa kusimulia mambo mazito ya nyumbani kwao mbele ya watu wasiowajua. Kesho yake habari zilikuwa zimeenea. Machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini ulezi haukuwepo. Anayefungua jeraha la mtu awe amejipanga kukaa naye mpaka lipone, na kama jambo lenyewe linahitaji daktari, mshauri au polisi, awe anajua ni mlango gani wa kubisha. Na katika kundi lolote mtu awe na ruhusa ya kusema "leo sina la kusema" bila kutazamwa vibaya.

Yapo mambo ambayo hata kazi haiyaleti. Yanakuja yenyewe, na yakija, kazi yetu ni kuyapokea.

Tulikuwa tumebakiza siku chache tuzindue huduma ya vijana niliyokuwa mmoja wa viongozi wake. Mazoezi ya waimbaji yalikuwa yamepamba moto. Ndipo mmoja wetu, yule aliyekuwa akisimamia mapokezi, akafiwa na mama yake. Kulikuwa na waliosema kwa nia njema kabisa kwamba tuteue wawakilishi waende, wengine tuendelee na mazoezi, maana maandalizi yote yalikuwa yamelipiwa. Kiongozi wetu alifunga kitabu chake cha ratiba akasema twendeni wote. Tukaenda. Tulilala hapo msibani. Wapiga vinanda walipanga viti, mhubiri wetu alikesha akihudumia wageni, na waimbaji waliimba nyimbo ambazo hawakuwa wamezifanyia mazoezi, pole pole, kwa sauti zilizochoka. Hakuna aliyepewa kipaza sauti. Uzinduzi ulisogezwa mbele, na ulipofika, ilionekana wazi kwamba waimbaji hawakuwa wamejiandaa vya kutosha. Lakini vijana waliokuja siku ile waliniambia baadaye kwamba waliwashangaa watu wa mapokezi, namna walivyokuwa wakimlinda dada mmoja, kumletea kiti, kumshika bega anapopita. Walitaka kuwa mahali ambapo mtu hushikwa hivyo.

Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba alikuwa radhi kuwapa si Injili ya Mungu tu, bali na roho yake pia. Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi. Msibani ndipo nililiona.

Baada ya kupita katika jambo, lisimulieni. Hapa timu nyingi hupoteza mavuno, kwa sababu huharakia jambo linalofuata. Mitume waliporudi kutoka walikotumwa walimkusanyikia Yesu, wakampa habari za mambo yote waliyoyafanya na kuyafundisha. Naye akawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Kusimulia, kisha kupumzika. Kikao cha namna hiyo hakihitaji ajenda ndefu. Kila mmoja aseme alichoona, kilichomwogopesha, mahali alipomwona Mungu, na mahali ambapo hakumwona. Hilo la mwisho lisirukwe. Kundi linaloruhusu mtu aseme "niliomba na sikuona kitu" litakuwa na shuhuda za kuaminika. Kisha mle pamoja bila kushika karatasi.

Na sasa niseme juu ya hatari iliyofichwa ndani ya mema haya yote. Kadiri waanzilishi wanavyopitia mengi pamoja, ndivyo wanavyoweza kujenga ukuta bila kujua. Utawasikia wakisema "enzi zile", "nyinyi hamkuwepo", wakicheka vichekesho ambavyo mgeni havijui mwanzo wala mwisho. Mgeni anatabasamu kwa adabu, na baada ya miezi michache haonekani tena. Nimekuta huduma zilizo na kiini chenye upendo mkubwa, upendo wa kweli, ambazo haziwezi kumpokea hata mtu mmoja mpya.

Yoshua alipowavusha Israeli Yordani aliagiza watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wabebe mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, wayasimamishe Gilgali. Sababu aliyoitoa ni watoto. Siku moja watauliza maana ya mawe haya, na baba zao watawaambia. Kumbukumbu ile ilisimamishwa makusudi kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo siku ya kuvuka. Kwa hiyo simulizi za mwanzo zisemwe kwa namna inayomkaribisha asiyekuwepo aulize, na mwenye kusimulia asichoke kuanza upya.

Lakini simulizi peke yake haitoshi. Mpya naye anahitaji Yordani yake. Lile kundi la wajane lina utaratibu ambao ningependa kuuona kila mahali. Anayejiunga hapewi kwanza kazi ya jukwaani wala ya ofisini. Anapewa nyumba ya kwenda, na mwenzake wa kwenda naye ni mmoja wa wale wa mwanzo, ambaye kwa miezi hiyo hufuata wala haongozi. Mpya ndiye abishaye hodi, ndiye aulizaye habari, ndiye aombaye kabla ya kuondoka. Wakikutana wote kupeana habari, wa kwanza kusimulia ni aliyejiunga mwisho, na wazee wa huduma husikiliza mpaka amalize.